Bi Joto na kabati la saa nane mchana

Saa nane mchana, wakati mafundi wenzake wa mtaa huu wamejitupa kwenye viti wakisubiri jua lipunguze makali, Bi Joto anafunga mlango wa karakana yake. Kisha anafunga dirisha. Kisha anazima feni ya ukutani, anajifuta shingo kwa kitambaa, na kuliendea kabati la mbao lililosimama kwenye kona.

Ndani ya kabati kuna kompyuta inayofanya kazi. Haichezi filamu wala muziki. Inapiga hesabu ngumu zisizo na faida kwa mtu yeyote, hesabu zilizotungwa kuichosha tu. Bi Joto anasoma namba kwenye skrini, anaziandika kwenye daftari lenye jalada la buluu, anafunga kabati kwa ufunguo na kuketi pembeni yake kama anayelinda mgonjwa.

"Asubuhi kila mashine ni nzima," anasema. "Ukitaka kujua inaumwa nini, iulize saa nane."

Bi Joto, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, ni fundi wa kompyuta. Kazi anayoijua kuliko zote ni kuchukua bodi za bei nafuu na kuzikimbiza. Bodi ni lile bamba la ndani ya kompyuta ambalo kila kitu huchomekwa juu yake: memori, nyaya, feni na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Kuikimbiza ni kuipa prosesa kasi kubwa kuliko ile iliyopangiwa kiwandani, bila kuiunguza.

Wateja wake ni wapiga picha, wachoraji wa ramani za nyumba na vijana wanaokata video. Kazi zao ni nzito, mifuko yao ni myepesi. Kwa bei ya bodi moja ya kifahari, yeye hununua tatu za kawaida. Wiki nzuri hupata bodi tisa za kushughulikia, wiki mbaya mbili. "Mbili zinatosha sabuni na chumvi," anasema. "Mboga tunamwachia baba watoto."

Jina la Bi Joto alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hapiti karibu na chombo kinachonguruma bila kukigusa kwa mgongo wa kidole. Hagusi kwa kiganja hata siku moja.

"Kiganja kimezoea masufuria, kinadanganya," anaeleza. "Mgongo wa kidole haujazoea kitu, unasema ukweli."

Tabia hiyo hakuitoa kwenye kompyuta. Kwa miaka kumi na moja alitengeneza mafriji katika karakana ya mjomba wake, mtu wa maneno machache aliyekuwa na sentensi moja tu ya kufundishia: friji halitengenezi baridi, linahamisha joto. Kila fundi aliyekuja na friji bovu aliulizwa swali lilelile kabla ya kuruhusiwa kushika bisibisi. Joto linatoka wapi, linakwenda wapi?

Watu walipoanza kununua mafriji mapya badala ya kutengeneza ya zamani, karakana ya mjomba ilifungwa. Bi Joto, akiwa na miaka thelathini na minane, alijiandikisha kozi ya miezi minane ya ufundi wa kompyuta, akakaa dawati moja na vijana waliomwamkia shikamoo kila asubuhi. Siku ya kwanza mwalimu alionyesha feni na kusema kazi yake ni kupoza prosesa. Yeye akanyoosha mkono na kuuliza joto likishatoka hapo linakwenda wapi. Darasa zima likaangua kicheko.

"Walicheka sana," anasema, naye anacheka. "Lakini swali hilohilo ndilo lililokuja kuniokoa."

Liliokoa nini? Liliokoa jina lake, na kisa chenyewe ni cha mwaka jana.

Chuo cha ufundi kilicho mtaa wa tatu kutoka karakana yake kilitaka kuanzisha darasa la uchoraji wa ramani za nyumba kwa kompyuta. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane. Fedha zilizotengwa zilitosha mashine sita. Bi Joto akaenda ofisini kwa mkuu wa chuo na kumwambia ampe fedha za hizo sita, yeye atamletea kumi na nane.

Mkuu wa chuo, mtu wa tai na sauti ya chini, aliweka kalamu chini. "Rahisi ghali, Fundi," alimwambia. "Mashine zikinigomea, nimfuate nani?"

Bi Joto hakutoa karatasi wala mhuri. Tangu aanze kazi hii ana desturi yake: bodi ikishafaulu mtihani wake, huiandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe, joto la juu kabisa iliyofikia, na jina lake. Aliahidi kuandika zote kumi na nane.

"Nilimwambia, Mkuu, jina langu linalala humo ndani. Zikiharibika, limeharibika jina."

Mashine zilifika, zikafungwa, zikawashwa. Wiki mbili zikapita bila neno, na Bi Joto akaanza kutembea mtaani shingo ikiwa imenyooka kidogo. Anakiri mwenyewe. Mumewe anaongeza kwamba haikuwa kidogo.

Wiki ya tatu wanafunzi walimaliza mistari na kuanza kutia picha uhai: kuta zipate rangi, madirisha yapitishe mwanga, miti itupe vivuli. Kazi hiyo huibana prosesa kwa saa nzima bila kupumua. Siku ya kwanza mashine saba ziliganda. Siku ya pili zikaganda kumi na moja. Na zote ziliganda baada ya chakula cha mchana.

Mwalimu wa uchoraji, mwanamke aliyelipigania darasa hilo kwa miaka mitatu, ndiye aliyempigia simu. "Dada, njoo," alimwambia. "Na njoo na moyo wako, maana huku hali si hali."

Alipofika aliikuta bodi ya mashine namba saba imelala juu ya meza ya mkuu wa chuo, maandishi yakiwa juu.

"Hili jina ni la nani?" Mkuu aliuliza.

"Ni langu, Mkuu."

"Leo Jumatatu. Nakupa mpaka Ijumaa."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mtihani wa mwisho ulikuwa siku kumi na mbili mbele, na kila mwanafunzi alitakiwa kuwasilisha picha kamili ya jengo. Ijumaa ikipita mashine zikiwa bado zinaganda, bodi zingerudishwa, darasa lingevunjwa mpaka mwaka unaofuata, na wanafunzi kumi na wanane wangerudi nyumbani bila cheti. Juu ya yote hayo kungebaki jina la Bi Joto, limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe mara kumi na nane.

Siku hiyo ya kwanza aliulaumu umeme. Akaupima, ukawa safi. Akaulaumu mfumo wa kuchorea, akaufuta na kuuweka upya. Akalaumu vumbi. Mwisho akarudisha kasi ya mashine zote kwenye ile ya kiwandani, yaani akala matapishi yake mbele ya wanafunzi. Zikachelewa kuganda, lakini ziliganda.

"Kilichonisumbua ni namba ya skrini," anakumbuka. "Prosesa inaonyesha nyuzi sabini na moja. Prosesa haigandi kwa nyuzi sabini na moja. Nikajua humu ndani kuna mtu anaungua na hakuna anayemuuliza hali."

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Jumanne saa nane mchana, Bi Joto aliingia kwa magoti chini ya dawati la mashine namba saba, aliyokuwa ameirudishia bodi yake.

Hapo ndipo alipoona kitu alichokuwa akikipita bila kukitazama. Kwa kuogopa wezi, chuo kiliweka kila kompyuta ndani ya kabati dogo la mbao lenye kufuli chini ya dawati. Kabati lilikuwa na mlango mbele na tundu moja nyuma la kupitishia nyaya, na tundu lenyewe lilikuwa limezibwa na nyaya hizohizo. Juu yake kulikuwa na mabati ya paa, na juu ya mabati kulikuwa na jua la saa nane.

Alifungua kabati mashine ikiwa inafanya kazi, akafungua na ubavu wa kompyuta, akasogeza mgongo wa kidole kwenye safu ya vidude vyeusi vilivyojipanga kando ya prosesa. Kovu lake bado lipo, dogo kama punje ya dengu. Analionyesha kwa fahari ambayo wengine huonyeshea pete.

Alikimbia nyumbani akachukua kipimajoto chake cha enzi za mafriji, chenye waya mrefu. Kikasoma nyuzi mia moja na kumi na nane.

"Vile vidude ndivyo vinavyoilisha prosesa umeme," anasema. "Kwenye bodi za gharama vimevalishwa bati la kupozea. Kwenye hizi zangu viko uchi. Sasa wewe umemwekea mpishi moto, ukafunga mlango na dirisha, halafu unashangaa chakula hakiji mezani."

Na mara alipoona namba ile, alijua kosa ni la nani. Bodi zote kumi na nane alizipima asubuhi, zikiwa zimetandazwa mezani bila kasha, mlango wa karakana wazi na upepo unapita. Mafundi wengi hupima hivyo, maana ndivyo inavyokuwa rahisi kufikia nyaya. Alizipima mahali ambapo hazitaishi.

Angeweza kumsukumia lawama seremala wa makabati. Mwalimu wa uchoraji anasema alikuwa akitarajia hivyo, na asingemshangaa. Badala yake, Bi Joto alikwenda ofisini akiwa na vumbi la magotini na kusema: "Mkuu, bodi hazijakosea. Nimekosea mimi. Nilizipima kwenye raha nikazileta kwenye shida."

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Sababu nimeisikia, na nakushukuru kwa ukweli," alijibu. "Lakini makabati hayatobolewi, wezi bado wapo. Na Ijumaa iko palepale."

Jioni hiyo mumewe, fundi wa madirisha ya alumini, alimkuta amepiga magoti tena, safari hii katikati ya mabaki ya alumini ya mume huyo.

"Nilidhani mke wangu amechoka na mimi, anachagua mali ya kugawana," anatania. "Kumbe anatafuta kipande chenye meno."

Alitaka vipande vidogo vya alumini vyenye mbavumbavu, vya kuvivalisha vile vidude vyeusi ili joto lipate pa kutokea. Mumewe akaweka kando oda ya madirisha mawili na kuanza kukata. Kipande cha kwanza kilikuwa kirefu kupita kiasi, kikagusa mguu wa kidude cha jirani, na bodi ya akiba ikafa papo hapo. "Harufu ile unaijua kabla hujaona moshi," anasema Bi Joto. Kuanzia hapo vipande vikapunguzwa, na kila kimoja kikawekewa chini utepe laini unaopitisha joto lakini haupitishi umeme.

Jumatano aliazima kabati moja chuoni, akalisukuma kwenye mkokoteni mpaka karakana, akaweka mashine namba saba ndani yake na kufunga mlango wa karakana na dirisha. Kuanzia siku hiyo asubuhi haikuwa tena wakati wa kupima.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya uvumilivu. Bodi za aina hii, zikiachiwa zijiamulie, huipa prosesa umeme mwingi kuliko inavyohitaji, na umeme wa ziada wote hugeuka kuwa joto. Zile zake zilikuwa zikimwaga volti moja nukta nne. Bi Joto akaanza kupunguza, hatua ndogondogo, huku akiirudisha kasi juu.

"Watu wanadhani kukimbiza mashine ni kuilisha zaidi," anasema. "Mara nyingi ni kuipunguzia. Mkimbiaji aliyeshiba hafiki mbali."

Kila alipopunguza kupita kiasi mashine iligoma kuwaka. Ilibidi aizime, achomoe ile betri ndogo ya duara inayotunza mipangilio, ahesabu mpaka sitini, airudishe na kuanza upya. Jumatano peke yake alihesabu sitini mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano mashine ilisimama imara kwenye volti moja nukta mbili sita, kasi ikiwa juu ya ile ya kiwandani.

Lakini ndani ya kabati joto bado lilikuwa likipanda polepole, halina haraka, halina mwisho. Alikaa akalitazama lile kabati. Ndipo akamsikia mjomba wake. Joto linatoka wapi, linakwenda wapi? Lilikuwa linatoka kwenye bodi, linaingia kabatini, na haliendi popote. Akazifunga nyaya zote pamoja upande mmoja wa tundu la nyuma, na kwenye nafasi iliyobaki akapachika feni ndogo inayovuta hewa kuitoa nje. Kabati halikutobolewa hata tundu moja.

Alhamisi kutwa yeye, mumewe na mwalimu wa uchoraji walivalisha mashine nyingine kumi na saba.

Ijumaa saa nane kasorobo, wanafunzi waliingia. Mkuu wa chuo akaja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mlangoni, akaketi bila kulegeza tai. Waya wa kipimajoto ulikuwa umepita chini ya mlango wa kabati la mashine namba saba. Saa nane kamili, mwalimu akasema "haya", na wanafunzi kumi na wanane, kila mmoja akaiamrisha mashine yake itengeneze picha ileile, nzito kuliko zote walizokuwa nazo.

Kipimajoto kilianza nyuzi arobaini. Baada ya dakika tano kikafika sitini na sita. Dakika ya kumi na tano kikasoma themanini na moja. Dakika ya ishirini ndiyo iliyokuwa ikiziua mashine siku zote, na ilipokaribia wanafunzi walikigeukia kipimajoto. Themanini na mbili. Themanini na tatu. Bi Joto alikuwa ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

Themanini na tatu. Dakika ya thelathini, themanini na tatu. Dakika ya arobaini, themanini na tatu.

"Sijawahi kuipenda namba kama nilivyoipenda ile," anasema.

Mashine namba nne ilimaliza ya kwanza. Kisha tatu kwa mpigo, kisha safu nzima ya dirishani. Asubuhi za baridi, kwa kasi ya kiwandani, picha hiyo ilikuwa ikichukua saa moja na dakika tano. Sasa, kwenye joto la saa nane, ndani ya makabati yaliyofungwa, mashine kumi na saba zilikuwa zimemaliza kwa dakika hamsini na nane. Ilibaki namba saba. Ilikawia dakika moja nzima, darasa zima likiwa limeizunguka, ndipo nyumba yenye paa jekundu ikajaa kwenye skrini.

"Nililia," anasema Bi Joto. "Kwa nini nikudanganye? Nililia mbele ya watoto wa watu, nikacheka, nikalia tena."

Mkuu wa chuo aliinuka, akaweka mkono juu ya kabati, halafu akaomba lifunguliwe. Aliinama na kuichungulia bodi. Wino wa jina la Bi Joto ulikuwa umebadilika rangi kwa joto la wiki zile mbaya, herufi mbili hazisomeki. Mkuu akachomoa kalamu kutoka mfuko wa shati lake na kumpa.

"Limefifia, Fundi," alisema. "Liandike tena."

Siku ya mtihani picha kumi na nane ziliwasilishwa, na vyeti kumi na vinane vikatoka. Mwaka huu chuo kimeagiza mashine nyingine ishirini, na safari hii hakuna aliyemuuliza nani atafuatwa.

Tangu Ijumaa ile, Bi Joto amepitisha bodi mia mbili na kumi na moja katika kabati lake mwenyewe, lenye vipimo vya yale ya chuo. Zilizorudi kwa kuharibika ni nne. Kila moja hukaa saa tatu, kuanzia saa nane mchana, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Mafundi wengine, wale waliokuwa wakimcheka kwa kufunga dirisha kiangazi, sasa huleta bodi zao zipimwe hapo, na mtaani mteja mjanja haulizi tena kama mashine ni mpya. Anauliza kama imetoka kabatini.

Kabati limeelemewa. Kuna siku bodi sita zinasubiri zamu, na jua halisubiri mtu. Ndiyo maana macho ya Bi Joto, anapozungumza, huenda mara kwa mara kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani.

Ni ramani ya jengo. Binti aliyekuwa akitumia mashine namba saba alitakiwa kwenye mtihani wake achore jengo la mteja halisi, akamchagua fundi aliyemwona akilia. Alichora karakana mpya yenye meza ndefu za kazi, stoo, na mlango mpana wa mkokoteni. Upande wa mashariki ni ofisi yenye kivuli na madirisha makubwa ambayo mume wa Bi Joto ameshaanza kuyakata, kila wiki kipande kimoja. Kiwanja kimepatikana. Msingi, panapo majaliwa, utachimbwa mvua zikiisha.

Lakini chumba anachokionyesha kwa kidole chenye kovu ni kile cha upande wa magharibi. Hakina mti karibu. Hakina dari. Paa lake ni bati tupu, na ukutani yamechorwa makabati sita ya mbao, kila moja na kufuli yake.

"Mwalimu wake alimuuliza kwa nini chumba hiki kinapigwa jua mchana kutwa, akadhani mtoto amekosea," anasema Bi Joto. "Akajibiwa kwamba mteja ndivyo alivyoagiza. Wengine wote huomba chumba kipate upepo. Mimi nimeomba kisipate."

Anatazama saa. Imetimia saa kumi na moja. Anainuka, anafungua kabati, na kusogeza mgongo wa kidole taratibu kuelekea kwenye bodi.